“Buzz”: mvumo wa nyuki, uvumi wa mji

Kijana wa Goma, mashariki mwa Kongo, anayesema kwamba fulani “anatafuta tu buzz” hahitaji kuwa amesoma Kiingereza. Neno hilo limemfikia kupitia Kifaransa, na kwake lina maana moja iliyo wazi: mtu ameweka picha au maneno kwenye Facebook au TikTok ili watu wamzungumzie, iwe kwa wema au kwa ubaya. Lakini kijana huyohuyo akilikuta neno hilo katika maandishi ya Kiingereza, hukwama. Mahali pamoja linahusu nyuki, pengine linahusu simu, pengine ulevi, pengine mtindo wa kunyoa nywele, pengine ndege inayopita chini sana juu ya mapaa. Kamusi humpa maana moja baada ya nyingine bila kumwonyesha kinachoziunganisha, naye huishia kuzikariri kama mtu anayekariri namba za simu. Maana hizo karibu zote zimetoka katika mlio mmoja, na anayeuelewa mlio huo hana haja ya kukariri. Zaidi ya hapo, msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo mara nyingi haitambui: lugha yake ina kitenzi “kuvuma”, ambacho kimepita njia ileile karibu hatua kwa hatua.

Mlio wenyewe ndio mwanzo wa jambo. Nyuki anayeruka haimbi kwa koo. Kinachosikika ni mabawa yake, ambayo kwa nyuki wa asali hupiga takriban mara 230 kwa sekunde. Misuli inayoyaendesha haiyavuti moja kwa moja, bali hukibana na kukiachia kifua, na kifua kinapobadilika umbo mabawa hupanda na kushuka. Kwa kuwa misuli ya aina hiyo huweza kujikaza mara kadhaa kwa amri moja tu ya neva, kasi yake huzidi ile ambayo neva zingeweza kuamuru pigo kwa pigo. Sikio la binadamu haliwezi kuyatenganisha mapigo hayo, kwa hiyo huyasikia kama sauti moja isiyokatika. Mbu hupiga mabawa kwa kasi kubwa zaidi ya nyuki, na ndiyo sababu mlio wake ni mwembamba na unaudhi zaidi usiku, ingawa kwa mbu dume mlio huohuo ndio unaomwonyesha jike alipo.

Inafaa kulitazama kwa karibu ua la nyanya au la biringanya, kwa sababu hapo ndipo mlio huu unapofanya kazi isiyotarajiwa. Maua ya mimea hii huficha chavua ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani, na upepo peke yake huitoa kidogo tu. Nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa mbao za mapaa yetu, hulikumbatia ua kwa miguu, huyatuliza mabawa, kisha hutetemesha misuli ya kifua kwa nguvu. Chavua humwagika kupitia yale matundu na kuwatapakaa tumboni. Aliyesimama bustanini husikia sauti ikipanda ghafla ilhali mabawa yametulia. Nyuki wa asali, pamoja na bidii yake yote, hana uwezo wa kuifanya kazi hiyo. Wataalamu wa mimea wanaoandika kwa Kiingereza wameupa uchavushaji wa namna hii jina lenye neno buzz ndani yake, na wamefanya vyema, kwa sababu linatukumbusha kwamba kiini cha neno hili ni mtetemo wenyewe na wala si kuruka.

Sasa, kinywa cha binadamu huigaje mtetemo huo? Katika buzz, sauti ya b hufungua mlango, irabu fupi hupita haraka, kisha z hubaki, na mtu anaweza kuiendeleza z hadi pumzi imwishie. Konsonanti hiyo hutamkwa hewa ikipenya kwa taabu kati ya ulimi na ufizi huku nyuzi za sauti zikitetemeka. Weka vidole viwili kooni utamke s, halafu utamke z, na utauhisi mtetemo ukianza. Kwa hiyo neno hili halifanani na nyuki kwa sikio pekee. Koo la msemaji linafanya kwa udogo kile ambacho kifua cha mdudu kinafanya. V ya Kiswahili katika “kuvuma” ni konsonanti ya jamii hiyohiyo, yenye hewa inayokwaruza na koo linalotetemeka, na m inayofuata huifunga midomo na kuuacha mlio utokee puani. Wajapani husema “bun bun”, Wajerumani “summen”, na Wafaransa “bourdonner”, kitenzi kilichojengwa juu ya jina la nyuki mnene aitwaye “bourdon”. Hakuna lugha iliyounakili mlio kama ulivyo. Kila moja imechota kwa konsonanti ilizo nazo, na inashangaza kuona jinsi nyingi zilivyozifikia b, z, v, m na n kila moja kwa njia yake.

Hapa kuna utata ambao wanafunzi wengi hubaki nao hata baada ya kumaliza shule. Tukifundishwa kuhusu maneno yanayoiga sauti, tunafundishwa tanakali: aliangukia majini chubwi, alianguka chini pu, amelala fofofo, kumekuwa kimya jii. Tanakali ya Kiswahili haibebi nafsi wala wakati. Hukaa kando ya kitenzi na kukisindikiza, na nguvu yake yote imo katika kutobadilika. Mtu akichukua mazoea hayo na kuyatia katika Kiingereza, atadhani kwamba buzz nayo ni kelele ya pembeni, neno la vitabu vya watoto vyenye picha za wadudu. Kumbe buzz ni kitenzi kamili, chenye wakati uliopita na wakati uliopo, tena ni nomino kamili inayoingia hata katika maandishi ya kisayansi. Wa kulinganishwa nayo si “vuu” bali ni “kuvuma”, ambacho nacho kilizaliwa na sauti kisha kikajiunga na ukoo wa vitenzi na kuzaa: mvumo, uvumi, vumisha, vumishwa. Nomino nazo huzaliwa hivyohivyo. Pikipiki ilipata jina kwa mlio wa injini yake, na hapa Goma wapo wengi wanaoliunganisha jina la chukudu, ile baiskeli ya mbao inayobeba magunia ya viazi na makaa, na mlio wa magurudumu yake juu ya mawe ya volkeno.

Kitenzi buzz kinaonekana katika Kiingereza tangu karne ya 15, kikiwahusu nyuki na wadudu wengine. Kufikia mwisho wa karne ya 16 kilikuwa tayari kimehamia kwa watu. Katika tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare, iliyoandikwa mnamo mwaka 1600, Polonius, mshauri wa mfalme, anakuja mbio kutangaza kwamba waigizaji wamefika mjini, na Hamlet anamjibu “buzz, buzz”, yaani habari hiyo imeshachakaa, sisi tunayo zamani. Baadaye katika tamthilia hiyohiyo, mfalme Claudius analalamika kwamba Laertes, mwana wa Polonius, hakosi watu wa kumnong’oneza sumu kuhusu kifo cha baba yake, na neno analowapa watu hao ni buzzers. Anayedhani kwamba habari za umbea ziliingia katika neno hili pamoja na intaneti amechelewa kwa zaidi ya miaka 400.

Kwa nini mlio wa nyuki ukawa jina la habari isiyothibitishwa? Jibu limo katika namna tunavyousikia. Mvumo haukatiki, hauna maneno ndani yake, hutoka kwa wengi kwa pamoja, na aghalabu huufikia masikio kabla macho hayajaona unakotoka. Ukikaribia soko la Virunga asubuhi, kabla hujamwona muuzaji hata mmoja, unasikia sauti za watu mamia zikiwa zimeungana kuwa kitu kimoja: unajua kwamba watu wanazungumza, lakini hujui wanasema nini. Habari isiyo na mwenyewe iko vivyo hivyo. Kiswahili kiliona jambo hilohilo na kikatumia chombo hichohicho: kutoka “kuvuma” kikatoa “uvumi”. Hakuna aliyeiga kwa mwenzake. Wasemaji wa lugha mbili, kila mmoja kwao, waliisikia hali moja ya binadamu kwa namna moja, na kwangu mimi huo ni ushahidi wenye uzito kuliko nadharia nyingi kwamba maneno ya mlio si mchezo wa watoto.

Wakazi wa Goma hawahitaji kuelezwa kwa kirefu uvumi ni nini. Nchini Kongo nzima tuna “radio trottoir”, redio isiyo na mtambo wala mtangazaji, inayosikika kando ya barabara. Baada ya volkeno ya Nyiragongo kulipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, na baada ya wakazi wa mitaa 10 kuamriwa kuondoka tarehe 27 Mei, maelfu ya familia zilikuwa Sake, Minova, Rubavu na Bukavu, zikisubiri habari kwa simu. Tarehe 29 Mei ikaenea habari kwamba mlima Murara nao umelipuka, na ikakanushwa siku hiyohiyo. Aliyekuwa njiani na watoto na godoro kichwani hakuwa na namna ya kuipima habari ile. Aliusikia mvumo tu, akaamua kwa mvumo. Ninalitaja jambo hili kwa sababu maneno kama buzz na uvumi hufundishwa kana kwamba ni mapambo ya lugha, ilhali yanataja kitu ambacho kwa watu wetu kimewahi kuamua mtu alale wapi.

Kutoka uvumi, lugha zote mbili zilipiga hatua nyingine kuelekea sifa, na hapo njia zikaanza kuachana. Mtu anayesemwa na wengi, Kiswahili husema amevuma: mwanamuziki amevuma, timu imevuma, jina lake limevuma mpaka ng’ambo. Methali inasema avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Kuvuma kwa namna hii kunaweza kudumu miaka, na hakumlaumu anayevuma. Buzz ya Kiingereza haifiki huko. Huwa ni msisimko wa muda unaozunguka filamu inayokaribia kutoka, simu mpya au mchezaji aliyesajiliwa juzi, nao hutulia jambo jipya likitokea. Iko karibu zaidi na methali nyingine, ile ya ngoma ivumayo sana kutokawia kupasuka. Wafanyabiashara wa Marekani waliitwaa maana hiyo na kuifanya kuwa mbinu, yaani kuwafanya wateja wenyewe watangaze bidhaa kwa kuzungumza. Mwaka 2006 Jonah Peretti na wenzake walianzisha New York tovuti ya BuzzFeed, ambayo jina lake linaeleza kazi yake, na mwaka 2010 Google ikatoa huduma iliyoitwa Buzz, ikaifunga mwaka uliofuata. Wafaransa waliipokea maana hii ya kibiashara peke yake, wakaacha nyuki, simu na ulevi vyote kwa Waingereza, na hiyo ndiyo iliyofika kwetu.

Tawi la umeme lina historia yake. Katika karne ya 19, mafundi waliunda kifaa kidogo chenye sumaku ya umeme inayovuta kipande cha chuma. Chuma kikivutwa hukata njia ya umeme, sumaku hulegea, chuma hurudi, njia huungana tena, na mzunguko huo hujirudia kwa kasi kiasi kwamba sikio husikia mvumo mmoja. Kwa maneno mengine, kifaa hicho ni mdudu wa chuma, na Waingereza walikiita buzzer. Kikatumika milangoni na katika simu za ofisini, ndipo kumpigia mtu simu kukaitwa kumpa buzz, na kumfungulia mtu lango la umeme kukaitwa kumpigia buzz aingie. Hata amri ya kumfukuza mtu kwa kuchoshwa naye, buzz off, ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 ikiwa na maana ya kukata simu. Wanafunzi wetu wanaoshindana katika Génies en herbe, shindano la maswali na majibu la shule, hukijua kifaa hicho kwa mkono: anayebonyeza wa kwanza ndiye anayejibu. Simu ya mkononi inayotetemeka juu ya meza hufanya vilevile, ingawa ndani yake kuna mota ndogo yenye uzito uliowekwa upande mmoja badala ya sumaku na chuma.

Vita navyo vilichukua fungu lake. Kuanzia tarehe 13 Juni 1944 Wajerumani waliirushia London mabomu yenye mabawa, V-1, ambayo injini zake zililipua mafuta takriban mara 50 kwa sekunde. Watu wa mji waliyaita mabomu ya buzz, na walijifunza jambo la kutisha, kwamba mlio ukiendelea uko salama, na ukikatika ghafla bomu linashuka. Kipindi hichohicho marubani walianza kulitumia neno hili kwa kupita chini kwa makusudi juu ya nyumba au meli. Hata “droni”, neno ambalo siku hizi mtoto wa Goma hulitambua kwa sikio kabla ya jicho, ni jirani wa ukoo huu: katika Kiingereza ni jina la nyuki dume na pia jina la mvumo mzito wa chini.

Maana za mwilini tuzipitie haraka. Aliyekunywa kidogo na kuhisi kichwa chepesi husemwa ana buzz, matumizi ya tangu miaka ya 1930, kwa sababu kichwa kama kinavuma. Nywele zilizonyolewa fupi sawasawa zina jina lililotokana na mlio wa mashine ya kinyozi. Jina la Buzz Aldrin, aliyekanyaga mwezi pamoja na Neil Armstrong mwezi wa Julai 1969, halihusiani na mlio wowote: mdogo kati ya dada zake wawili wakubwa hakuweza kulitamka vizuri neno la Kiingereza la “kaka”, akasema kitu kinachofanana na buzzer, na jina likabaki, hata Aldrin akalifanya kuwa jina lake rasmi mwaka 1988.

Mchanganyiko mmoja unastahili nafasi zaidi, nao ni buzzword. Ulianza katika miaka ya 1940 miongoni mwa wanafunzi wa Harvard, ambao waliita hivyo maneno makuu ya somo, yale ambayo mtu akiyatamka huonekana amelielewa. Baadaye ukawa na lawama ndani yake: neno linalovuma kila mahali na ambalo maana yake imelegea kwa sababu ya kuvuma huko. Katika mji wenye mashirika mengi kama Goma, mifano iko tele. Mtu aliyehudhuria warsha katika kumbi za hoteli zetu ameyasikia “kujenga uwezo”, “utetezi”, “ustahimilivu” na “ushirikishwaji” katika ufunguzi, katikati na katika kufunga, na mara nyingi mama aliyekuja kuuliza lini bomba la maji litafika mtaani kwake ameondoka bila jibu. Maneno hayo hayana kosa kwa asili yake; “ustahimilivu” ni neno zuri. Yanapotamkwa pasipo kitu nyuma yake, hapo ndipo yanapogeuka mvumo usio na maneno ndani, na Waingereza wana haki ya kuyapa jina la nyuki.

Kwa mfasiri, basi, swali la “buzz kwa Kiswahili ni nini” halina jibu moja, na asiyekubali hilo ataandika sentensi za ajabu. Kiingereza hulipa mzigo wote neno moja la silabi moja. Kiswahili huugawanya kwa viambishi na kwa maneno jirani. Nyuki, mashine na nyaya za umeme huvuma. Habari isiyothibitishwa ni uvumi au tetesi. Msisimko wa mji kuhusu jambo la leo ni gumzo, na pale Mwingereza anapoufanya mji wenyewe kuwa mtendaji na kusema mji unavuma kwa habari fulani, Kiswahili husema kwa urahisi kwamba habari hiyo imekuwa gumzo la mji. Na kile kinachotafutwa kwa makusudi na kijana wetu wa TikTok kina kitenzi chake tayari, tena kizuri kuliko buzz: kuvumisha. Anayevuma ametajwa na watu. Anayejivumisha amejishughulikia mwenyewe. Tofauti hiyo, ambayo Kifaransa huhitaji kitenzi cha ziada ili kuionyesha, kwetu imo katika silabi mbili.

Pengine ndiyo sababu buzz haijaota mizizi katika sarufi yetu. Linganisha na mwenzake wa mlio, beep ya Kiingereza, iliyopita Kifaransa ikafika hapa ikiwa “kubipe”, yaani kupiga simu na kukata kabla haijapokewa ili mwenye salio apige. Hiyo ilikuta pengo, kwa maana hapakuwa na kitenzi cha tendo hilo, na mara moja ikavaa viambishi vyote: nibipe, amenibipe, tubipane, usinibipe usiku. Buzz haikukuta pengo. Mpaka leo Goma husema “kutafuta buzz” na “kufanya buzz”, nomino ikiongozwa na kitenzi cha Kiswahili, bila nafsi wala wakati kuigusa, kwa kuwa viti vyote ambavyo ingekalia vilikuwa vimekaliwa na kuvuma na wanawe.